Tumbako Ilipomfikia Mdogo Wangu Miguuni

Kwetu kijijini, milimani juu ya Karuba, tumbako ilipandwa nyuma ya nyumba, pale mama alipokuwa akimwaga majivu ya jikoni, kwa sababu inapenda udongo wa majivu. Majani yake yalikaukia juu ya moto pamoja na mahindi ya mbegu. Baba alivuta kiko. Babu alikuwa amevuta mpaka kufa kwake, na alikufa mzee sana. Hata bibi alikuwa na kiko chake kifupi. Kwa hiyo sikulelewa kuiogopa tumbako. Nililelewa kujua kwamba ni kitu cha watu wazima, kama pombe na kesi za mashamba. Mtoto aliyekamatwa na kiko mkononi alichapwa kwa kukosa adabu, wala si kwa sababu kuna mtu aliyeona hatari ndani yake.

Mdogo wangu alinifuata mimi tumboni mwa mama. Alikuwa mtoto wa miguu. Majirani walipotaka neno lifike Mushaki upesi walimtafuta yeye, na baba alipenda kutania kwamba ukimtuma sokoni Sake maharagi yakiwa jikoni, atarudi hayajaiva. Alikuwa anateremka mlima kwa kuruka, mikono imefunguka, na mama anamfokea kutoka mlangoni kwamba atavunjika shingo. Hakuwahi hata kuteguka.

Miaka ile ya vita ya Wazungu, vilima vyetu vilijaa pareto. Muzungu mmoja alichukua upande mzima wa mlima akaupanda hayo maua meupe yanayotengenezwa dawa ya wadudu. Kuyachuma kulitaka vidole vyepesi, kwa hiyo walitafutwa watoto. Tulienda mimi na mdogo wangu, mimi nikianza kuwa msichana, yeye sauti yake ikiwa bado haijavunjika. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata ulimsikia mwenzako akipiga chafya bila kumwona. Maua yalilowa umande, vidole viliganda, na tumboni hapakuwa na kitu ila kiazi kilicholala.

Kapita aliyetusimamia alikuwa na desturi yake. Msichana aliyejaza kikapu mapema alimpimia chumvi kwenye jani la ndizi. Mvulana aliyejaza mapema alimpa sigara. Hakuwa mtu mbaya. Aliona anatoa zawadi, na wavulana waliona wanapewa heshima. Chumvi yangu niliipeleka kwa mama. Sigara ya mdogo wangu ilikwenda nyuma ya kibanda cha kukaushia maua, ikazunguka mdomo kwa mdomo.

Siku ya kwanza alitapika. Nilimkuta ameshikilia nguzo ya kibanda, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Uko mugonjwa?" nikamwuliza.

"Hapana, dada. Iko inanizungusha kichwa tu. Wakubwa wanasema itapita."

Ilipita. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake mbaya, kwamba ilipita upesi. Baada ya muda si mrefu hakungoja tena zawadi ya kapita. Alichukua majani ya baba kutoka juu ya moto, akayasokota kwenye ganda la mahindi, akavuta njiani tukienda kazini. Nilipomwambia nitamsemea kwa baba, alinitazama bila hasira.

"Dada, ukivuta, njaa inanyamaza. Na baridi vilevile. Wewe hauonake?"

Wote walikuwa hivyo, wavulana wa pale shambani. Waliokuwa hawavuti waliitwa watoto wa titi. Kikohozi chao cha asubuhi kiliwafurahisha, kwa sababu kilifanana na kikohozi cha baba zao.

Baba aliijua harufu kabla ya kuambiwa. Tulikuwa tunakula, jua halijazama, na mdogo wangu alicheka karibu naye.

"Unavutaka tumbako?" baba akauliza.

"Ndiyo, Papa."

"Tumbako njo ya wazee."

Mdogo wangu aliweka chini tonge lake. Hakuwa na kiburi. Nadhani alikuwa amelifikiria neno lile siku nyingi. "Papa, na kazi njo ya nani? Mimi minafanyaka kazi ya wazee. Kodi yako tunalipa pamoja."

Baba alitazama bakuli kama mtu aliyeona mdudu ndani. Nilingoja ainuke achukue fimbo, hakuinuka. Tangu jioni ile mdogo wangu alivuta waziwazi, na baada ya mwaka mmoja hivi baba mwenyewe alikuwa akimpokeza kiko, wakavuta wawili kwa zamu kama marafiki. Mama alifurahi kuwaona wakiongea.

Niliolewa na fundi mwashi, mtu mpole wa Masisi. Haukupita muda akaandikwa kazi kwenye mgodi wa bati huko Walikale, kujenga nyumba za kambi. Baba alimwambia mdogo wangu, ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinachungulia, anisindikize na atafute kazi huko, nisikae peke yangu kati ya watu nisiowajua. Tulipanda kamyo, lori la mizigo, juu ya magunia ya saruji, tukateremka kutoka kwenye baridi yetu mpaka kwenye joto la msitu. Nilikuwa sijaona miti inayofunga mbingu. Mdogo wangu alicheka njia nzima.

Mgodini waliwaweka vijana kwenye maji. Walisimama mtoni toka asubuhi, wakiosha mchanga kwenye mifereji ya mbao ili mawe mazito ya bati yabaki chini. Posho ya juma iligawiwa Jumamosi: mchele, maharagi, mafuta ya mawese, samaki wa chumvi, na fungu la tumbako. Fungu hilo lilikuwa la kila mfanyakazi, hata kijana ambaye mama yake alikuwa bado anamkumbuka akitambaa. Asiyevuta alibadilishana. Mdogo wangu alitoa samaki wake, halafu mafuta yake, akapata mafungu ya wenzake. Alivuta akiwa amesimama majini. Alivuta kabla ya kunawa uso. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikawa vya njano kama mzizi wa manjano.

"Shemeji, unakula moshi," mume wangu alimwambia siku moja, na yeye mwenyewe sigara iko mdomoni. Wakacheka wote wawili.

Mguu ulianza kwa baridi tu. Kwenye joto lile, ambapo watu walilala bila shuka, alikuja akaketi karibu na mafiga yangu.

"Dada, shika hapa."

Nilishika. Mguu wa kushoto ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na ule wa kulia ulikuwa na joto la mtu. Nikamwambia ni maji ya kazini. Nikaukanda kwa mafuta ya mawese ya moto, akalala vizuri.

Kisha akaanza kusimama njiani. Tukitoka ibadani Jumapili, alitembea kidogo, akasimama, akajifanya anatazama ndege juu ya mti. Tukaenda kidogo tena, akasimama. Nilifikiri ameanza kupenda ndege. Kumbe misuli ya mguu ilikuwa inambana kama imefungwa kamba, na akisimama inaachia. Kijana yule wa kuruka milima hakuweza tena kufika kisimani bila kupumzika. Kapita wa mgodi alimwita mvivu, akakatiwa posho. Aliyasikiliza matusi akiwa ameinamisha kichwa, akaenda kuvuta.

Kidole kidogo cha mguu kikageuka rangi ya zambarau, halafu kikawa cheusi.

Ng'ambo ya kijito chetu aliishi mwindaji mmoja, mzee wa watu wa msitu. Alikuja ibadani kama sisi, na kabla ya kuingia porini bado aliweka jani kwenye njia panda kama baba zake walivyofanya. Alituletea nyama ya mboloko, yule paa mdogo, tukampa chumvi. Alikuwa amepanda tumbako kali sana, na mdogo wangu aliwahi kuchomoa majani yaliyoanikwa chini ya paa la nyumba yake bila kuomba. Mzee alimkamata, akamfokea mbele ya watu: "Unaiba kitu ya muntu. Utaona!" Ni neno ambalo kila mtu mwenye hasira hulisema. Lakini kidole kilipokuwa cheusi, kambi nzima ililikumbuka. Wakasema ametegewa dawa njiani, ameikanyaga.

Mume wangu na wanaume wengine walivuka kijito kwenda kumwuliza. Mzee hakukimbia. Alikuja nyumbani kwetu mchana kweupe, akaomba maji, akanywa nusu ya kikombe, akampa mdogo wangu anywe iliyobaki.

"Kama njo mimi," akasema, "nikufe mbele ya huyu mutoto."

Watu walitazamana. Hawakumwamini. Tangu siku ile hakuna aliyenunua nyama yake, na watoto walitupia mawe ua wake. Mke wake alipokuja kuchota maji, wanawake waliinua vibuyu vyao wakaondoka. Hawakukaa muda mrefu. Walibomoa nyumba yao mti kwa mti, wakaibeba, wakaingia ndani zaidi ya msitu.

Munganga Muzungu alikuwa akipita kambini mara kwa mara kukagua wagonjwa. Tulimpeleka mdogo wangu kwenye dispanseri, amejiegemeza begani kwangu. Yule munganga hakuanza na mguu. Alishika mkono, akatazama vidole vya njano, akainua macho, akasema kitu. Muuguzi wetu, kijana Mkongo aliyevaa koti jeupe, akatufasiria.

"Anauliza, unavuta tangu lini?"

"Tangu nikiwa mutoto," mdogo wangu akajibu.

Muzungu aligusa sehemu mbalimbali za mguu kwa kidole kimoja, taratibu, akitafuta mapigo ya damu. Akatikisa kichwa. Aliongea kwa muda mrefu, na muuguzi akatufupishia.

"Anasema hii si sumu, na si ukoma. Ni tumbako. Kuna watu, wakivuta, mishipa ya damu inajifunga. Damu haifike tena chini. Anasema ukiacha leo, pengine mguu utabaki. Usipoacha atakata, kisha atakata tena. Na mikono vilevile itaenda."

Nilimwuliza kwa nini basi baba anavuta na anatembea. Muuguzi akamwuliza. Munganga alifungua mikono.

"Anasema si kila mutu. Anasema haijulikane itamuchagua nani. Lakini wale wanaoanzaka wakiwa watoto, anawaona sana."

Tulirudi nyumbani. Nilifikiri mdogo wangu atafurahi kusikia kwamba si uchawi. Alikaa juu ya kitanda, akatazama ukuta.

"Yeye anasema tumbako," akasema mwishoni. "Mimi nasema ni ule muzee."

Hapo nilielewa. Kama ilikuwa ni mzee, hakuhitaji kuacha kitu chochote.

Hata hivyo alijaribu. Sitaki mtu aseme kwamba hakujaribu. Walipokata kile kidole, alikaa dispanserini bila kuvuta. Alitetemeka, akatoka jasho, akanitukana kwa maneno ambayo sikujua kama anayajua, halafu akalia akaniomba msamaha. Alisema kichwa chake kimejaa nyuki. Lakini kidonda kilianza kufunga. Niliona nyama nyekundu, mpya, pembeni yake. Muuguzi alimwita mwenzake aje aone. Usingizi ulirudi, na chakula pia. Siku moja aliniomba samaki, nikatoka mbio kutafuta samaki nikilia kwa furaha.

Rafiki zake wa mtoni walikuja kumwona. Walikuwa vijana kama yeye, na hawakuja mikono mitupu, maana mgonjwa haendewi mikono mitupu. Walileta walichokuwa nacho. Nilipoingia na bakuli langu, chumba kilikuwa cheupe kwa moshi, na mdogo wangu alikuwa amefumba macho kama mtoto anayenyonya.

"Mumefanya nini?" nikawapigia kelele.

Mmoja wao, kijana mwema, alishangaa kweli. "Mama, tulikuwa tunamusaidia. Alikuwa na huzuni."

Mguu ulikatwa chini ya goti. Baadaye ulikatwa juu yake. Ule wa kulia ukaanza kuwa baridi, na safari hii hakuna aliyehitaji kueleza. Mgodi ulimwondoa kazini. Mume wangu akasema, kwa upole wake, kwamba kijana arudi kwa wazazi, kwa sababu kazi za nyumba na mgonjwa zilikuwa zinanimaliza na mimba yangu ilikuwa changa.

Kamyo ilitupandisha mpaka barabara ya Mushaki. Kutoka hapo njia ya kwetu inapanda, na hakuna gari linalopita. Nilifunga kamba kwenye paji la uso kama nabeba kuni, nikamweka mdogo wangu mgongoni juu ya shuka. Nilikuwa nimebeba mizigo mizito zaidi yake maishani. Yeye alikuwa amekwisha, mifupa tu. Wanawake tuliokutana nao walisimama kando ya njia mpaka tukapita. Katikati ya mlima nilisikia kiberiti kikiwaka nyuma ya sikio langu. Moshi ukapita shavuni mwangu, ukatangulia mbele.

"Zima," nikamwambia.

"Dada, nisamehe. Acha nimalize hii tu."

Sikuwa na pumzi ya kugombana. Nilipanda.

Mama alipotuona alikaa chini kwenye majani, hapo hapo uani. Baba alikuja akamtoa mgongoni mwangu kwa mikono yake mwenyewe, akamwingiza ndani. Nilikaa nao mpaka nikajifungua, nikakaa tena, na mume wangu akanivumilia. Kwa hiyo niliona yote. Mguu wa kulia ulikatwa hospitalini, wakamrudisha. Vidole vya mkono vikaanza kukauka kuanzia ncha, vile vile vya njano kwanza. Usiku na mchana alisikia maumivu kwenye miguu ambayo haikuwapo. Alimwomba mama amkune nyayo.

Ulifika wakati hakuweza tena kushika sigara wala kiko. Ndipo mama alipoanza kumshikia. Niliwakuta hivyo, mama ameketi nyuma yake, kichwa cha mwanawe kifuani, kiko mkononi mwake mama, anakipeleka mdomoni na kukiondoa, kama alivyokuwa akimlisha uji. Nilimwambia maneno ya munganga kwa mara nyingine. Mama hakuacha.

"Mwanangu, nimeyasikia," akasema. "Wewe unamusikia analia muchana. Mimi namusikia wakati wote. Kama iko inamuua, na ile maumivu yote inafanya nini?"

Niliongeza kuni motoni.

Alikufa msimu wa kuvuna maharagi. Homa ilitoka kwenye kidonda ikampanda mwilini, akaweweseka akiita majina ya wavulana aliochuma nao maua. Hakuwa amefikisha umri wa kuoa. Wale aliowaita walikuja mazishini, wengi wao. Walikaa ukutani wakikohoa, na mimi niliyekuwa nikigawa maji nilijikuta nawatazama miguu mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa mizima, ina matope ya shamba. Nilishukuru, na nilikasirika vilevile, na nilishindwa kutenganisha yale mawili.

Watu walipokwisha kutawanyika, baba alikaa nje siku nyingi. Jioni moja aliniita. Nilikuwa nafunga mizigo ya kurudi Walikale. Kwa upande wa Karuba wingu lilikuwa limeshuka, na ng'ombe wa jirani walikuwa wanarudi wenyewe.

"Ule munganga," akasema, "alisema nini kweli?"

Nilikuwa nimemweleza mara nyingi. Kila mara alikuwa akinikatiza na kunikumbusha juu ya babu. Nilimweleza tena tangu mwanzo: mishipa, damu isiyofika, haijulikani itamchagua nani, wale wanaoanza wakiwa watoto. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika magoti yake mawili kwa mikono miwili.

"Ile siku tulikuwa tunakula," akasema. "Ile siku alinijibu juu ya kazi. Kama ningemukataza?"

Nilifikiria kapita na sigara zake, Jumamosi za posho, rafiki zake wa mtoni, njaa ya asubuhi kwenye ukungu. Sikupata neno ambalo lingekuwa kweli na bado likamsaidia mzee kulala.

"Mvua inakuya, Papa," nikamwambia. "Tuingie ndani."

Nikampa mkono, akainuka.